Msimamizi wa Mwavuli

Wamebaki! Ximena wee, wamebaki wote wanne, basi limeondoka bila wao, na tunaojua kwamba hawaji ni mimi na dereva tu! Nimebanwa kiti cha nyuma kabisa, nimepakata sufuria ya mchuzi wa mole, nakurekodia kwa kunong'ona. Usiponisikia, bandika simu sikioni uvumilie.

Haya, nianze mwanzo, maana wewe hujawahi kufika kwetu Apizaco na hawa watu huwajui. Dada yangu Nereida unamkumbuka, yule aliyekuja kwenye mahafali yangu na begi la nepi. Mume wake, shemeji Fidencio, anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta kule Campeche, katikati ya bahari kabisa. Anakaa huko wiki kwa wiki, anarudi kidogo, anaondoka tena. Sasa yule mdogo wao, Yatziri, ana miaka miwili, baba yake hamjui. Simaanishi anamwonea aibu, hapana. Hamjui! Jioni anapita kutubusu wote, mimi, bibi yake, kaka yake Ulises, mpaka mbwa, halafu akifika kwa baba yake anasimama mbali anasema, "Usiku mwema, bwana." Kama anamuaga mpangaji. Shemeji anacheka, anajibu, "Na wewe pia, bibie," kisha anatoka nje kuangalia gari ambalo halina tatizo lolote.

Ndiyo maana dada akaamua: Juma Kuu hili tunakwenda Tecolutla, baharini, watu wanne, chumba kimoja, basi.

"Nataka siku chache tu, Damaris," aliniambia. "Mtoto akishtuka asiwe na mtu mwingine wa kumkimbilia ila baba yake. Hapa nyumbani akimwogopa anakuja kwako, anakwenda kwa bibi, kwa jirani. Kule atakwenda wapi? Kwa kaa?"

Shemeji akajaribu kujitetea. "Mke wangu, bahari mimi naiona kila siku."

"Unaiona umevaa helmeti. Safari hii utaiona na kaptula."

Basi akaanza kupanga, na Nereida akipanga kitu, hata jeshi lingeomba ushauri. Nani alale saa ngapi, nani apakwe mafuta ya jua kwanza, Ulises akitapika kwenye kona za Teziutlán atapikie wapi. Hata mchanga alileta nyumbani, akaumwaga kwenye beseni ili watoto wauzoee. Ulises aliula. Dada akasema vizuri, ni bora aule hapa karibu na daktari.

Kila kitu kilikuwa sawa mpaka siku ya mwavuli.

Mama mkwe wa dada, Doña Eduviges, alimkuta anatafuta kwenye simu mwavuli wa kununua. Akashtuka kama kamkuta na bangi.

"Mwavuli wa kununua? Binti yangu, na Chole, comadre wangu wa ubatizo, anao mkubwa, mwekundu, umekaa tu uani? Atakuwa msimamizi wenu wa mwavuli!"

Na dada yangu, Ximena, mwanamke mwenye akili zake, aliyezaliwa na kukulia Apizaco, akajibu: "Asante, mama."

Najua nyie watu wa kaskazini mnanunua vitu vyenu wenyewe. Kwetu kila kitu cha sherehe kina mtu wa kukitoa: harusi ina msimamizi wa keki, msimamizi wa muziki, msimamizi wa vikombe, na mimi kwenye kipaimara changu nilikuwa na msimamizi wa soksi. Lakini anayeleta kitu amealikwa. Huwezi kuchukua keki ya mtu ukamwacha mlangoni. Dada alifikiri kwa kuwa hii si harusi, mambo ni tofauti. Ni likizo tu! Ni mwavuli tu!

Kufika Jumapili, comadre Chole na mumewe walishanunua kofia. Halafu dada yake Chole akasikia, akanuna: yeye je, ana ukoma? Akapewa barafu. Binamu wa shemeji akapewa maboya ya watoto. Akaja msimamizi wa tikiti maji, msimamizi wa spika, msimamizi wa dawa ya kichefuchefu, na mwanamke mmoja ambaye mpaka leo hatujui ni wa upande gani, huyo ni msimamizi wa sala ya safari. Watu walipozidi, gari la shemeji likawa halitoshi hata kwa sufuria, ndipo akapatikana msimamizi wa basi: Don Teófilo, anayebeba wafanyakazi wa kiwandani. Mimi, miaka yote ile ya uhandisi wa vyakula, nimepewa mole. Kuipika? Wapi! Kuipakata.

Nilikuwepo dada alipojaribu kuzima moto. Akakaa na Doña Eduviges jikoni, sauti ya upole kabisa.

"Mama, unajua tulipanga twende sisi wanne tu."

"Ndiyo mwanangu, ni nyie wanne tu," bibi akamjibu, anamenya vitunguu. "Sisi tunawasindikiza."

Utasema nini hapo? Na yule bibi si mbaya! Anampenda mwanawe, anataka watu wote wanaompenda wawe karibu naye. Tatizo ni kwamba ni basi zima.

Sasa leo asubuhi. Basi lipo mlangoni, mwavuli umefungwa juu ya paa kama maiti ya askofu, Don Teófilo anawasha, kimya. Betri imekufa.

"Chukueni ya gari la Fidencio!" Doña Eduviges akaamuru toka dirishani. "Yeye halihitaji, si yuko na sisi?" Shemeji mwenyewe akaifungua, akaifunga kwenye basi, akajipangusa mikono. Comadre Chole akapiga makofi: "Msimamizi wa betri!"

Kumbuka hiyo betri, Ximena.

Ukaja ugawaji wa viti. Shemeji mbele karibu na dereva, kwa sababu ni mwanamume na anajua ramani. Dada nyuma, achunge barafu. Ulises kwa binamu. Na Yatziri? Kwenye mapaja ya bibi yake, wapi tena. Nikamwona dada amesimama katikati ya viti, ameshika ndoo ya kuchezea mchanga, anaangalia kichwa cha mumewe kule mbele na kichwa cha mwanawe huku, na katikati yao kuna ukoo mzima unakula mayai ya kuchemsha. Hakulia. Afadhali angelia, maana alitabasamu, na mimi tabasamu hilo nalijua tangu utotoni.

Yatziri akasema, "Kojo."

"Haya, tushuke," dada akasema haraka mno. "Na Ulises pia. Fidencio, njoo unishikie mlango."

"Mlango wa choo unashikwa?" shemeji akauliza.

"Shuka, Fidencio."

Wakashuka. Tukangoja. Watu wakaanza kulalamika jua. Kisha dada akatokeza kichwa mlangoni, mtamu kama asali: "Mama, msichelewe kwa ajili yetu, mtoto bado ana shughuli. Tangulieni, tutawafuata na gari la Fidencio!"

Watu wote wale, Ximena. Nusu yao walisimama pale wakiangalia betri inatolewa! Hakuna aliyekumbuka. Doña Eduviges akafikiri kidogo, akaangalia viti vilivyobaki wazi, akasema, "Sawa, spika itakaa vizuri." Wakaifunga mkanda! Don Teófilo tu ndiye aliyeinua macho kwenye kioo, akaniangalia, mimi nikamwangalia, akakohoa, akaongeza muziki, akaondoa gari.

Sasa sikiliza. Tulipokwisha kupita Teziutlán, mtandao ukarudi, dada akaniletea video. Wako juu ya paa la nyumba, kati ya tangi la maji na mitungi ya gesi. Maboya yote tunayo sisi, mwavuli tunao sisi, mpaka tikiti maji. Wao wana beseni la kufulia. Shemeji yumo ndani, na kaptula, magoti yamemfika masikioni. Ulises anamwaga ule mchanga wake pembeni, anasema hapa ni pwani, watu wasivae viatu. Na Yatziri amesimama karibu kabisa, karibu mpaka tumbo lake linagusa beseni, anammwagia baba yake maji kichwani kwa kikombe. Anajaza, anamwaga. Hakuna mtu wa kumkimbilia na hatafuti. Shemeji akataka kunyoosha mguu, akainuka kidogo, na mtoto akamkandamiza bega kwa mkono wote.

"Bwana," akamwambia, "usiondoke."

"Siondoki," shemeji akasema. Sauti ilikuwa ya ajabu, lakini alikuwa na maji puani.

Nimeitazama mpaka mole imenimwagikia.

Lakini bado! Tumesimama! Tuko kandokando ya barabara, mashamba ya ndimu huku na huku, karibu tufike Martínez de la Torre. Doña Eduviges ameamuru basi lisimame. Anasema hakuna atakayeingia baharini kabla ya wenye likizo yao kufika, ni aibu. Wote wameshuka kuwangoja, humu nimebaki mimi na sufuria. Mwavuli wa Chole umefunguliwa barabarani, tikiti maji linakatwa, yule mama wa sala anasali ili gari lisipate pancha. Kila gari jeupe kama la Fidencio likitokeza kwenye kona wanasimama wanapiga makofi. Linapita, wanakaa. Wenye magari wanapunga mikono, wanadhani ni siasa.

Don Teófilo amejificha chini ya boneti, anajifanya anakagua injini. Afanye haraka afunge, maana bibi ameanza kumsogelea na kipande chake cha tikiti... amefika... anainama... Ximena, anaiangalia betri. Ananyoosha kidole. Sasa anageuka, ananitafuta mimi.

"Damaris! Hebu njoo hapa, binti!"

Nazima. Kesho nitakwambia alichosema, kama sufuria hii itakuwa bado mapajani kwangu na si kichwani.