Muhula Ambao Mativo Hakuitwa Shuleni

Kufikia wiki ya tisa ya muhula, Mativo alikuwa hajaitwa shuleni hata mara moja, na jambo hilo lilianza kumnyima raha.

Mativo alikuwa mchonga vinyago, akiishi mtaa wa Ziwani na mkewe Kanyiva na binti yao wa pekee, Mwongeli, mwenye miaka kumi na mmoja. Mwongeli alikuwa na mkono mwepesi. Akikanyagwa, kofi. Akichekwa, kofi. Mwaka uliopita baba yake aliitwa shuleni mara saba, hadi bawabu akawa anamfungulia geti bila kumwuliza jina. Mara ya mwisho ilikuwa ni kwa ajili ya Kawsar, msichana wa dawati moja na Mwongeli, aliyevunjwa jino katika ugomvi wa kifutio.

Halafu, kimya.

Na nyumbani mtoto alikuwa amebadilika kwa namna isiyoeleweka. Alikaa akitazama ukuta huku midomo ikichezacheza bila sauti. Ukimwita, hakujibu papo hapo kwa ukali kama zamani. Alitulia kwanza, kisha akaitika kwa upole, "Naam, baba."

"Huyu mtoto ni mgonjwa," Mativo alimwambia mkewe. "Au kuna mtu amemtisha."

"Akipiga watu unalalamika, akiacha unalalamika," Kanyiva akasema. "Shukuru Mungu, wacha kuchokora."

Hakuweza. Alhamisi alasiri aliweka patasi chini, akajipangusa vumbi la mbao, akaenda.

"Mzee! Amepiga nani leo?" bawabu akauliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja."

Bawabu akafungua geti.

Mwalimu wa darasa, Bi Mideva, alikuwa kwenye ukumbi na bendi ya shule. Mativo alichungulia mlangoni. Watoto kama ishirini, tarumbeta zilizobonyea, ngoma tatu. Nyuma kabisa alisimama Mwongeli, ameshika matoazi, yale masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa. Bendi? Tangu lini? Akakumbuka karatasi aliyotia sahihi mwezi Januari bila kuisoma, akidhani ni ya kukiri kosa jingine.

Muziki ukaanza. Tarumbeta zikalia, ngoma zikaitikia. Mwongeli hakupiga. Wenzake wakaendelea, yeye kasimama tu kama mlingoti, midomo ikichezacheza. Mativo akasikia uchungu. Wamemnyima mwanangu, akawaza. Wamempa chombo halafu wakamkataza kukipiga.

Akaingia. "Samahani, mwalimu. Mbona huyu hapewi nafasi? Kama ni adhabu ya yale ya mwaka jana..."

Muziki ukasambaratika.

"Baba!" Mwongeli akapiga kelele. "Nilikuwa nimefika thelathini na moja!"

"Thelathini na moja nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Bi Mideva akamvutia kiti. "Kaa hapa, Baba Mwongeli. Anahesabu vipande thelathini na viwili vya muziki, kila kimoja mapigo manne, kisha anapiga mara moja."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

Mativo aliketi, haelewi hata kidogo. Wakaanza upya. Katikati ya wimbo, Kawsar, aliyesimama mbele ya Mwongeli na tarumbeta, alirudi nyuma hatua moja akamkanyaga barabara. Mativo akafumba macho. Alijua kinachofuata.

Hakikufuata. Alipofumbua, Mwongeli alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini bado anahesabu. Kisha akainua mikono, akayagonganisha matoazi, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Kawsar aliruka, akageuka, na wote wawili wakaangua kicheko.

"Mlimfanya nini?" Mativo alimwuliza mwalimu baadaye. Yeye alikuwa amejaribu kiboko, mchungaji, hata shangazi wa Kitui.

"Mimi sikumkanya," Bi Mideva akasema. "Mwanzoni alipiga matoazi kila mahali. Wenzake ndio waliomlilia, 'Bado! Bado!' Walimhitaji. Sidhani kama aliwahi kuhitajiwa na darasa hili. Na hesabu zake zimepanda pia, ingawa siwezi kuapa kwamba ni bendi."

"Kwa hiyo amepona?"

"Hakuwa mgonjwa, mzee."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mativo alizidi kuchanganyikiwa. "Kawsar alipokukanyaga, hukusikia?"

"Nilisikia. Aliniumiza."

"Sasa?"

"Nilikuwa nimefika ishirini na sita. Ningempiga, ningepotea, na wangepotea wote."

"Na kama ungekuwa huhesabu?"

Mwongeli akajibu, "Sijui, baba. Pengine ningempiga."

Jibu hilo halikumtuliza, lakini aliliamini. Alitamani kusema jambo la baba, la hekima, lakini halikuja. Badala yake akasema, "Hebu nifundishe hiyo hesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne. Kisha mbili, mbili, tatu, nne. Kisha tatu, mbili, tatu, nne."

"Mbona mbili mara mbili?"

"Ya kwanza ni namba ya kipande. We fuata tu, baba."

Alifuata. Alipotea kwenye kipande cha tisa. Akaanza tena, akapotea kwenye cha kumi na nne, mkokoteni wa maji ulipompitia karibu na kisigino. Mwongeli alimshika mkono, akamvuta pembeni mwa barabara, bila kuacha kuhesabu.