Cheni Isiyong'aa

"Baba, nani kaigusa cheni yangu?"

Fundi pikipiki aliinama chini ya meza kutafuta spana ambayo hakuwa na haja nayo. Binti yake alisimama mlangoni mwa karakana, vumbi hadi kwenye nyusi. Pikipiki alikuwa ameisukuma njia nzima. Cheni ilikuwa imechomoka kwenye meno ya gia, na ilikuwa imegandwa na tope jeusi la mafuta na mchanga.

"Niliipaka oili alfajiri," alisema fundi. "Niliikuta kavu. Mtoto wa fundi anatembeaje na cheni kavu?"

"Nilishaipaka dawa kavu, baba. Ya nta, haishiki vumbi. Si nilikueleza juzi?"

Alimweleza kweli. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kwa miaka thelathini wateja wake walitaka cheni inayong'aa na kudondosha oili. Isipodondosha, walisema fundi kalala.

Binti alikaa juu ya tairi kuukuu. Kazi yake ilikuwa kupeleka sampuli za damu kutoka zahanati hadi maabara, barabara yote ya vumbi.

"Damu imeharibika njiani," alisema. "Kuna mama mjamzito atachomwa sindano tena kesho. Na mkuu wa maabara kasema nikichelewa mara nyingine, kazi anampa mtu mwingine."

Fundi aliona haya, haya hasa, ya kushindwa kumtazama mtoto usoni. Neno samahani lilikuwa zito mdomoni mwake tangu ujana, kwa hiyo alichukua mafuta ya taa na brashi. Aliisugua cheni pingili kwa pingili, akaifuta, akairudisha kwenye meno, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. Binti akampa mkebe wa ile dawa ya nta. Fundi akapuliza.

"Halafu?"

"Halafu unaiacha ikauke mpaka asubuhi."

"Bila kufanya chochote?"

"Bila chochote, baba."

Hilo ndilo lililomshinda mzee. Mkono wake ulishalifikia kopo la oili. Akalitazama, akalisukuma kwa mguu hadi kwa binti yake.

Asubuhi binti alimkuta amechuchumaa mbele ya pikipiki, mikono kaifunga mgongoni.

"Naweza kuigusa?"

"Gusa tu."

Akapitisha kidole juu ya cheni, polepole, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa safi. Akakifuta kwenye suruali hivyo hivyo, kisha akasogea pembeni ampishe.