Sauti Niliyoiacha Kazini

Kama umewahi kuipigia simu ile kampuni kubwa ya bima ya afya, ukabaki unasikiliza muziki wa kinanda mpaka sikio likapata moto, basi mwanamke aliyekuwa akikatiza muziki na kukuambia kwamba simu yako ni muhimu sana kwetu, ni mimi. Nitukane tu. Nimeshatukanwa na wengi, na wengi wao walikuwa na haki.

Nilikuwa dawati la huduma kwa wateja, ghorofa ya chini, kati ya mashine ya maji isiyotoa maji na ua la plastiki lenye vumbi. Siku moja meneja alipita nyuma yangu, akasimama, akasema nina sauti tamu. Nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa na kutembea nacho kifua mbele. Wakanipeleka kwenye kichumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, wakanipa kipaza sauti, nikasoma. Karibu. Bonyeza moja. Bonyeza mbili. Tafadhali endelea kusubiri. Malipo yangu yalikuwa makofi na kalenda ya kampuni. Tangu hapo nikawa nimo ndani ya simu za watu mchana na usiku, hata nikiwa kitandani nakoroma.

Lakini ile sauti mimi niliitaka kwa kazi nyingine. Tangu utotoni nilikuwa naigiza michezo ya redio peke yangu chini ya meza: mzee, mtoto, polisi na mwizi, wote mimi. Niliendelea hivyo hivyo ukubwani, bafuni, mlango umefungwa. Kisha siku moja meneja akanitaka nimjibu mama mmoja aliyekuwa analia kwenye simu, nimwambie maombi yake yanashughulikiwa. Nilijua fika hakuna aliyekuwa anashughulikia kitu. Nilisema nilivyoambiwa, nikaweka simu chini, nikaandika kwamba naacha kazi, nakwenda kuigiza redioni.

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. "Michezo ya redio? Wewe, mtu mzima na akili zako?"

"Ndiyo."

"Haya. Ukishachoka kuigiza, mlango unaujua."

Wenzangu walininunulia keki. Nilikula kipande changu kwa hasira, na kilikuwa kitamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Kwenye kituo cha redio, mwongozaji wa michezo wanamwita Bwana Usingizi, kwa sababu akimsikiliza mwigizaji hufumba macho na kuegemea kiti kama amelala. Alinipa maneno ya mama mwenye nyumba anayegombana na wapangaji wake. Nilisoma kwa moyo wangu wote. Upande wa pili wa kioo nikamwona fundi mitambo amejiziba mdomo, mabega yanamcheza.

Bwana Usingizi akafumbua macho. "Dada, unajua kuigiza. Tatizo ni kwamba kila ukimaliza sentensi, nasubiri uniambie nibonyeze nyota."

"Naweza kuibadilisha sauti."

"Umeibadilisha hapa mpaka umekauka koo. Ni ileile. Kila mtu anaijua, na samahani, kila mtu anaichukia. Mwenye nyumba akifungua mdomo, msikilizaji ataenda kuchemsha chai akijua atarudi na kukuta bado anasubirishwa." Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko kicheko cha fundi. "Siku sauti hiyo itakapotoka kwenye zile simu, rudi. Hii nafasi sijampa mtu."

Sikupitia hata nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa meneja, nikamwambia aitoe sauti yangu.

"Ulirekodi saa za kazi, kwa kipaza sauti cha kazi," akasema. "Sauti ni ya kampuni."

"Na koo?"

"Koo unaweza kwenda nalo."

Aliufurahia sana utani wake. Nilitoka pale nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa sketi kama mtoto aliyenyimwa zamu ya kucheza.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni likakataa kushuka ni la shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea wakati mama yangu anafanya kazi mbali. Mumewe ana presha ya macho. Daktari alisema apasuliwe haraka, na hospitali ikataka kwanza kibali cha kampuni ya bima, ileile. Shangazi akapiga simu. Aliiweka mezani jikoni, sauti juu, akawa anamenya viazi huku mtoto aliyemlea mwenyewe anamwambia kwa upole aendelee kusubiri. Siku nenda, siku rudi. Alipokwenda mwenyewe, mlinzi alimgeuza getini: mambo ya vibali ni kwa simu tu. Jicho la kushoto la mzee lilizimika wakiwa bado wanasubiri.

Nilijaribu kuwaomba waliokuwa wenzangu. Wakanijibu kwamba mwenye kadi apige simu mwenyewe. Nilipompigia shangazi nimweleze mlango wa kwenda kugonga, alipokea, nikasema, "Shikamoo shangazi," akakata. Nikapiga tena, akakata tena. Mama akaniambia nimwache kwanza. "Anasema akikusikia anatamani kuivunja hiyo simu, na ujumbe wako hautaki."

Kwa hiyo hali ilikuwa hiyo. Kazi niliyoitaka siipati kwa sababu ya sauti yangu. Shangazi yangu hataki kunisikia kwa sababu ya sauti yangu. Na sauti yenyewe eti si yangu.

Halafu meneja akanipigia. Tena kwa sauti laini, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kampuni imeanzisha huduma ya meno, lazima iongezwe kwenye simu, na wameona si vizuri meno yawe na sauti yake na macho yake. Je, ningeweza kufika mara moja tu? Wangenipa nauli.

Tusi lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nikaling'ata. "Nitakuja kesho," nikasema.

Kichumba kilikuwa kilekile, viti vibovu vimeongezeka. Fundi wa kurekodi, baba mmoja mnene, alikuwa anaangalia mpira kwenye simu yake, kifaa cha kusikilizia kimeziba sikio moja na lile jingine liko uwanjani. Nikasoma ya meno. Kisha nikamwambia, "Fundi, ile karibu ya mwanzo imeshachakaa, inakwaruza. Niirudie kabisa?"

"Rudia tu, dada," akasema, macho kwenye mpira.

Nikairudia. Kwa utamu uleule, taratibu, kila neno mahali pake.

"Karibu. Namba yoyote utakayobonyeza, utasubiri mpaka salio lako liishe, kwa sababu simu hizi zinapokelewa na watu wawili, na mmoja yuko likizo. Vibali vya operesheni vinasainiwa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, ulioandikwa Wafanyakazi Tu. Njoo na kadi yako. Mlinzi akikuambia upige simu, mwambie umeshapiga. Ukifika, gonga, ingia, kaa, na usiondoke bila sahihi. Asante kwa kutuchagua."

"Imetoka?" nikauliza.

"Imetoka safi," akasema fundi. Kuna mtu alikuwa amefunga bao.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu kampuni ile. Hakuna hata mmoja mle ndani anayepiga namba ya wateja. Wana namba zao za mkononi, wana vikundi vyao vya ujumbe, wakiugua wanamalizana wao kwa wao kwenye korido. Ningeweza kuimba humo, ningeweza kumtaja meneja na ukoo wake, wasingejua. Karibu yangu mpya ilikaa hewani siku kadhaa ikifanya kazi yake.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mlinzi. Aliyekuwa jirani yangu pale dawatini alinisimulia: watu walikuja na kadi mkononi, mlinzi akiwaambia wapige simu wanamjibu kwa pamoja kwamba wameshapiga. Wakajaa ngazini, wengine na watoto, wengine na mito ya kukalia. Bwana wa vibali, ambaye hakuwahi kumwona mgonjwa uso kwa uso tangu aajiriwe, alikuwa anasaini jasho linamtiririka, na kila akiinua kichwa anakuta mtu amekaa mbele yake anamtazama mkono.

Meneja alinipigia anahema. "Umetuharibia jina! Nakupeleka mahakamani!"

"Kwa kosa gani?"

"Kwa maneno uliyosema!"

"Mimi? Si uliniambia sauti ni ya kampuni? Basi kampuni ndiyo iliyosema."

Nikasikia anafunga mlango wa ofisi yake.

"Twende mahakamani," nikaendelea, na sasa nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mkono kiunoni. "Tumsikilizishe hakimu yote. Halafu unionyeshe neno moja la uongo."

Akakata. Jua halijazama, sauti yangu ilikuwa imetolewa yote, moja, mbili, meno na macho. Kilibaki kinanda peke yake. Nasikia watu waliendelea kupanda ngazi vilevile.

Bwana Usingizi hakuniamini mpaka alipoipiga namba ile mwenyewe mbele yangu. Akafumba macho, akasikiliza kinanda kwa muda, akaniambia nije Jumatatu, mwenye nyumba ni wangu.

Nilikuwa nyumbani nawafokea wapangaji wa kwenye karatasi pale simu ilipoita. Shangazi. Nilipokea. Niliogopa kufungua mdomo.

"Wewe mtoto!" akafoka. "Ghorofa ya tatu! Umewatangazia watu ghorofa ya tatu, ukaficha kwamba lifti ni mbovu! Mimi na magoti yangu haya, mkono huu nimeshika ukuta, mkono huu nimemshika mzee wa watu haoni anapokanyaga! Huna adabu!"

"Wamesaini?" nikauliza kwa mnong'ono.

"Wamesaini. Atapasuliwa la kulia wiki hii hii. La kushoto ndiyo basi tena." Nilimsikia anavuta pumzi, na mzee akikohoa pembeni. "Mbona unanong'ona? Tangu lini wewe ukanong'ona?"

"Naogopa utakata."

"Nikate niende wapi? Nimekaa kwenye ngazi zao, miguu imegoma. Sema kwa sauti, nakusikiliza."

Basi nikasema. Nilimwambia kuhusu lile jicho, na yule meneja, na makofi yale niliyopigiwa nikayafurahia kama mjinga. Nilipiga kelele, nikalia, nikatukana, mpaka jirani akagonga ukuta. Haikuwa sauti nzuri. Shangazi hakunikatiza hata mara moja.

Nilipoishiwa, nikapenga kamasi.

"Haya," akasema. "Sasa njoo utushushe."

Nikavaa viatu.