Kiatu cha Kushoto

Pampu ya uani iligoma jana asubuhi, na jengo zima lilibaki na ndoo mbili za maji. Watu thelathini na mmoja, ndoo mbili! Mto upo, lakini mwezi uliopita walikwenda wanne akarudi mmoja, naye hakuwa na hamu ya kusimulia.

Ugonjwa wenyewe fundi wa jengo alishaujua. Kile kipande cha ngozi kinachovuta maji ndani ya pampu kilikuwa kimelika, kimebaki uzi. Alijaribu mpira wa tairi, wapi. Akajaribu mkoba wa jirani aliyeapa kuwa ni ngozi halisi. Kumbe maskini alilizwa dukani enzi za maduka, plastiki tupu. Ngozi ya kweli ilikuwa mahali pamoja tu, mlangoni kwa fundi mwenyewe.

Viatu vya mumewe. Mume aliondoka na kandambili umeme ulipokatika moja kwa moja, miaka miwili sasa. Kila siku mama mkwe alivipaka mafuta ya kupikia aliyojinyima, akavipanga vizuri, mwenyewe akirudi avikute.

"Mama, naomba kiatu kimoja."

"Akirudi avae nini?" Mama mkwe alivikumbatia vyote viwili.

Chini watu walikuwa wakigonga ndoo tupu. Mtoto mmoja alilia kwa sauti iliyokauka. Uongo wake fundi aliukusudia uwe wa wiki moja tu, mama apate nguvu kwanza, na wiki ikazaa wiki.

"Harudi, Mama. Nilimkuta njia ya mtoni, siku ya tatu. Nilimzika mwenyewe."

Mama mkwe hakulia. Alimtazama mpaka fundi akatamani apigwe kofi yaishe.

"Ulimzika miguu mitupu?"

"Ndiyo, Mama. Kandambili walishazichukua."

Mama mkwe alishika kisu, akakipasua kiatu cha kulia kwa mkono wake mwenyewe.

Adhuhuri pampu ilikohoa, ikatema kutu, ikatoa maji. Watu walisukumana wakicheka na kulia. Mama mkwe alishuka ngazi polepole, wakampisha, lakini hakuwa na ndoo. Alikuwa na kiatu cha kushoto.

"Hiki hakikatwi," alimwambia fundi. "Kesho utanipeleka alipo, nikamvishe."

Fundi alikuwa ameshapiga hesabu: kile kiatu kingewapa mwaka mwingine wa maji.

"Sawa, Mama," alisema.