Kochi Limekwama Mlangoni

…linatoka au linarudi, ananiuliza tena shemeji, na mimi nimesimama hapa katikati ya sebule tupu na brashi ya chokaa mkononi, chokaa inanidondokea mguuni na wala sijali, "Mama Kasuku, tunakusubiri wewe," anasema mume wangu, yeye yuko nje na mdogo wake yuko ndani, na kati yao kochi la mama yangu limekaa mlangoni halitaki kwenda mbele wala nyuma, tumelilaza ubavu, tumelisimamisha wima, shemeji akang'oa mpaka mlango kwenye bawaba zake, wapi, limekwama, na saa kumi Kasuku anarudi kutoka hospitali na shangazi yake, siku sita mwanangu yuko kule, miaka minane tu, na nesi alisema… nesi yule mwenye miwani ya kamba, hakunikaripia, afadhali angenikaripia, alisema, "Mama, mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile, mimi na wewe tutaonana tena wiki ijayo," nikamwambia, "Dada yangu, mimi sina uwezo wa kununua vitu," nesi akaniangalia, "Nani amekwambia ununue? Toa. Toa zulia, toa mapazia mazito, toa hayo maua ya plastiki, fungua dirisha, ukungu wa ukutani usugue kisha upake chokaa," na mimi nikauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejua jibu, "Na makochi ya kitambaa?" Akasema, "Hayo ndiyo hasa. Kwani wewe unafanya kazi gani?" Nikasema natengeneza makochi. Akacheka, masikini, hakuweza kujizuia, na mimi nikacheka, mganga hajigangi, halafu nikaenda chooni nikalia.

Basi nimetoa, Mungu ni shahidi, zulia nimempa mwenye gereji atandike chini ya magari yake, mapazia yale ya velveti niliyoyaringia miaka yote nimeyashusha, na vumbi lililodondoka lilinitia aibu mimi mwenyewe, kabati nimelisogeza kutoka dirishani ambako lilikaa tangu tuhamie, kumbe tuna dirisha, nilikuwa nimesahau kwamba tuna dirisha, na jua likaingia mpaka ukuta wa pili likauonyesha ule ukungu mweusi nyuma ya kabati, mkubwa, kimo cha mtoto aliyekaa, pale pale alipokuwa anakaa kuchora, nimeusugua jana kutwa mpaka vidole vikachubuka, na leo chokaa, na mapazia mapya nimeshona kwa vipande vya pamba vilivyobaki kwa wateja, vyepesi, vya kufua Jumamosi na kuanika, kimoja cheupe kimoja cha kijani, havifanani, shemeji akasema, "Shemeji, haya mapazia yamegombana?" Kila kitu ana neno, ndiyo maana tunamwita Injinia, hajasoma uinjinia hata siku moja ila hakuna msumari anaouacha upigwe bila ushauri wake… na sasa anahema, amekumbatia mkono wa kochi kama mtu anayeaga ndugu stendi, anasema, "Hivi hili liliingiaje? Au mlango umekonda?"

Liliingiaje… liliingia, nakumbuka lilivyoingia, siku nilipohamia hapa, mama alilituma na vijana wawili, yeye akija nyuma amebeba nyundo yake kwenye mkoba, hawakuhangaika, walilipitisha ubavu na nafasi ikabaki ya kupitisha kiganja kila upande, mama akapiga makofi, "Limezaliwa humu!" Mlango ni huu huu, fremu ni hii hii, hakuna aliyeigusa, mlango haujakonda, Injinia, mlango haujakonda hata kidogo… kochi ndilo limenenepa. Mimi ndiye niliyelinenepesha. Ile nguo ya bluu ya mama kwanza, mbao aliipiga randa mwenyewe, halafu nikaja na ile ya kahawia Kasuku alipomwaga maziwa, juu ya bluu, halafu ya mistari, juu ya kahawia, halafu ile nyekundu kwa sababu mke wa mwenye duka la dawa alibakiza mita tano, halafu hii ya maua, na kila nguo na sponji yake chini, vidole viwili huku, vidole viwili kule, mgongoni, mikononi, na sikuvua hata moja, maana mama alinifundisha hivyo, "Fundi havui, fundi anavisha," ukivua utakutana na misumari na kunguni na aibu za mwenye nyumba, mwenye nyumba hataki kuziona, wewe funika, bana pini, pokea asante yako uende. Mitaa mingapi nimevisha hivyo mimi… nyumba ngapi zina watoto… usianze, hayo utayawaza kesho, na kesho usiyakimbie.

"Mke wangu, mikono yangu hii si ya chuma." Nimesikia baba, nimesikia. Ngoja. Kwa sababu si mazoea peke yake, niseme ukweli walau humu kichwani mwangu ambako hakuna wa kunicheka, mama alipofariki ningeweza kuvua, nilikuwa na koleo mkononi, nikaiona ile bluu pembeni, pale alipokuwa anakaa, imebonyea mahali pake, nikasema hapana, nikapigilia nguo mpya juu na nikaona amani, kwamba yuko humo chini, amekaa, hajaenda popote, na kila nilipoongeza nguo nilikuwa namfunika vizuri zaidi asiondoke. Na Kasuku akawa anapenda kulala hapo hapo, pembe ya bibi, pua kwenye kitambaa… Kasuku tulimpa jina kwa sababu anaweza kukusimulia ndoto tangu mwanzo hadi mwisho bila kumeza mate, na asubuhi ile ya kumpeleka hospitali alinishika kanga akasema, "Mama… nataka…" kifua kikabana, akajaribu tena, "Mama… nataka…" na neno la tatu halikuja, nikaegesha sikio mdomoni kwake nikalisubiri, midomo inabadilika rangi na mimi nasubiri neno, hadi leo sijui alitaka nini.

Na mama naye… ngoja, na mama naye. Miezi ile ya mwisho, pembe hiyo hiyo, kikohozi kisichokoma, tukasema uzee, hatukumpeleka kwa yeyote, uzee hauna dawa, na yeye alikuwa anasema, "Nisogezeni mlangoni nivute hewa," nikawa namfunika shuka nyingine, nafunga pazia, mama utapata baridi, na siku moja alinishika mkono, mkavu ule mkono, wenye sugu ya nyundo, akasema, "Mwanangu, unanivisha mno." Nilidhani ni maneno ya homa. Miaka minne nimeyaweka kama maneno ya homa. Alikuwa ananiambia, mama wewe, ulikuwa unaniambia na mimi nikachukua shuka ya tatu, nisamehe, nilikupenda vibaya, nilikupenda kwa kukufunika.

Dirisha liko wazi lakini upepo haupiti, mapazia yangu yaliyogombana yamening'inia tu, bila shaka, hewa itapita wapi na mlango umezibwa… "Nyumba njema si mlango," anasema shemeji huko, anajichekesha mwenyewe, jasho linamdondoka puani, "shemeji, sema basi, linatoka au linarudi?" Halitoki wala halirudi, Injinia, nguo ndizo zinazotoka. Zote tano. Naliona tayari, koleo liko kwenye kikapu changu barazani, nitapita dirishani, mtu mzima na umri wangu huu, acha wacheke, nitalowesha kitambaa kwanza vumbi lisiruke ndani, nianze upande wa nje, maua, nyekundu, mistari, kahawia, na ile bluu nitaivua mwenyewe kwa mikono yangu, nitaichemsha, na ikipona itakuwa tambara la kufutia dirisha, mama atafurahi, hakupenda kitu kikae bure. Mbao itabaki. Mbao itapita mlango huu na nafasi ya kiganja kila upande, irudi ndani, niiwekee mito miwili myembamba, vifuniko vya vifungo, vya kuvua na kufua, kuvua, nasikia ulimi wangu unavyolionja neno… na saa kumi hata mito itakuwa bado, tutakaa kwenye mbao tupu, mimi na yeye, sebule inanuka chokaa mbichi, ah, hapana, chokaa haijakauka, basi tutaibeba mbao barazani, leo tukae barazani, tule mezani kwa jirani hata wiki nzima ikibidi, "Mama Kasuku!" nakuja, naweka brashi hii ndooni nakuja, na nitamwuliza ulitaka nini mwanangu, siku ile, ulikuwa unasema unataka, naye aniambie, neno la tatu, na la nne, na ndoto zote za siku sita bila kumeza mate, na asinyamaze, ee Mungu wangu, mtoto huyu asinyamaze.