Madabodi Zenye Tarehe

Gail Rautio, fundi wa kompyuta wa shule, alifungua skrubu ya mwisho, akaingiza kucha kwenye ufa wa kava na kulibandua taratibu. Hakuhitaji kutazama sana. Madabodi, ule ubao mkuu wa saketi uliokuwamo ndani ya kompyuta mpakato ile, ilikuwa ya zamani, na aliyeiweka humo ni yeye mwenyewe.

"Nayo hivyohivyo?" Duane Lemieux aliuliza akiwa mlangoni na kahawa yake. Alikuwa mfagiaji wa shule, na pia ndiye aliyewasha mitambo ya joto asubuhi.

"Hivyohivyo."

"Basi sema zote, dada, uache kuzipasua kama samaki."

"Huenda nyingine zimegoma kwa ugonjwa unaotibika. Sijui mpaka nione."

Asubuhi hiyo darasa la tano walikuwa wamekaa kujaribu kompyuta, maana mtihani wa jimbo ulikuwa unaanza kesho. Nusu ya mashine zilikataa. Programu ya mtihani iliandika kwamba kompyuta imepitwa na wakati, ikajifunga. Watoto walicheka, kisha wakaona uso wa mwalimu wao, wakanyamaza.

Ubaya zaidi, Alhamisi ilikuwa imekaribia. Siku hiyo halmashauri ya shule ingepiga kura: karakana ya Gail ibaki, au kazi ipewe kampuni ya mjini.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mashine nyingi zilikuwa zimekufa kwa kumwagiwa juisi na maziwa. Gail aliomba madabodi mpya. Curtis Brandvold, mkurugenzi wa shule za wilaya, alimwambia atumie kilichopo. Kilichopo kilikuwa rundo la kompyuta za zamani, skrini zimepasuka lakini ndani nzima. Gail alitoa madabodi zake, akazipachika kwenye makava ya zile mashine mpya zilizokufa. Ziliingia sawasawa, zikawaka.

Katika sehemu zile za kaskazini mwa Michigan, hakuna ambaye angeona ajabu. Katika kila ua kuna gari bovu limelala chini ya theluji, likitoa spea kwa gari lililo hai. Baba yake Gail aliendesha miaka mingi gari lililotokana na magari matatu, na alizikwa likingali linatembea. Curtis mwenyewe alimsifia mbele ya halmashauri, akasema huyu ndiye mtu wa kwetu.

Lakini mtengenezaji aliipangia kila madabodi tarehe, na tarehe ikifika, mashine hailetewi tena marekebisho ya programu. Kava likibadilishwa, tarehe inabaki. Gail alijua kwamba mashine kamili zina tarehe. Hakuwaza kwamba kitu kizima ndani ya kava jipya kingehesabiwa uzee wake wa kwanza.

"Mimi sijaona injini yenye tarehe ya kufa," Duane alisema.

"Na mimi sikuwa nimeona."

Curtis aliingia bila kuvua koti. Alitazama mashine zilizofunuliwa mezani kama mtu aliyekuta jiko la jirani likiwa chafu.

"Gail, dada yangu. Wazazi wananipigia simu."

"Nafahamu."

"Ile kampuni wao hawafungui kitu. Kikiharibika wanatupa, wanaleta kingine. Halmashauri itaniuliza ni nani aliyeweka hivi vya zamani."

"Ni mimi."

"Ndivyo nitakavyowaambia."

Gail alingoja. Alidhani kuna neno linafuata, kwa sababu Curtis alisimama palepale aliposimama mwaka juzi, akitafuna andazi, aliposema, fanya unavyojua wewe, mradi usiniombe kitu. Curtis aliangalia kalenda ukutani.

"Mkubwa," Duane alianza, "si ni wewe uliye..."

"Duane," Gail alisema kwa upole. "Kahawa yako inapoa."

Hakutaka kumwita mwongo. Pengine kweli amesahau. Neno lile halikumgharimu kitu alipolitamka, na mtu hulisahau upesi neno la namna hiyo.

"Chukua mashine za sekondari, uziandae kwa ajili ya kesho," Curtis alisema. "Mtihani ukiisha, anza kufungasha vitu vyako humu. Wiki ijayo kampuni watakuja kupima chumba."

"Kura si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi," Curtis alijibu, akafunga zipu ya koti lake na kutoka.

Duane akasema, "Ungeniacha nimwambie."

"Angekana. Halafu tungekuwa wawili tunaofungasha."

Walileta mashine za sekondari kwa mkokoteni wa kantini. Gail alizifuta moja moja mafuta ya vidole, akaondoa michezo, akaweka programu ya mtihani, akaijaribu, akachukua inayofuata. Hakuharakisha. Zile zake, ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingine ikiwa mtu angeziruhusu, alizipanga sakafuni, vifuniko wazi.

Giza lilipoanza kuingia Duane alirudi na funguo. "Nazima joto, dada. Zimebaki nyingi?"

"Safu nzima ile ya dirishani."

"Kesho je?"

"Nifungulie mlango wa nyuma kabla mabasi hayajafika, nizimalizie," Gail alisema, akaifunika mashine aliyokuwa ameishika, programu ya mtihani ikiwa bado haijamaliza kupakia.