Paa Alilolipiga Mama

Mwanne binti Mwinjuma alikuwa na sharti moja, na kila mtu pale Masaki ya Kisarawe alilijua: habebwi. Si mgongoni, si begani, si kwenye machela. Miguu yake ilikataa akiwa na miaka sita, watu wakambeba wee, mpaka akachoshwa na macho yao ya huruma. Alipokuwa mtu mzima akaapa kwamba pasipofikika bila kubebwa, haendi.

Alikuwa amevuka miaka arobaini fundi Bartolomeo wa Visiga alipomtengenezea kiti cha magurudumu. Alichukua kiti cha mninga, akakifungia magurudumu mawili ya baiskeli ubavuni na moja la toroli mbele.

"Penye tambarare kitakwenda," alisema fundi, maana hakuwa mtu wa kujisifu. "Ngazi sikuahidi."

Mwanne alikuwa na safari moja tu kichwani, nayo ni ya Bagamoyo. Kabla ya vita vya Mjerumani, mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga paa la nyumba ya mawe karibu na soko. Paa hilo la chokaa, tambarare kama sakafu, halikumwagwa tu likaachwa. Wanawake walijipanga mistari, wakalipiga kwa vibao siku nyingi huku wakiimba, mpaka likashikana. Mama alilisimulia paa lile hadi kufa kwake. Mwanne alitaka kukaa juu yake, basi.

Wakapanda lori la muhogo mkavu, yeye na mdogo wake Pazi. Kiti kilisukumwa juu ya mbao mbili mpaka ndani ya lori, na Mwanne amekaa juu yake. Bagamoyo walipambana na mchanga wa vichochoro, wakapita baraza na milango ya nakshi, wakauliza mara tatu, wakafika. Mwenye nyumba, Bibi Biubwa, aliitikia shikamoo zao, akasikiliza habari yote, akasema karibuni. Pazi akatandika mbao kwenye kizingiti, Mwanne akaingia.

Kisha wakaziona ngazi. Zilikuwa za mawe, nyembamba, zenye kona katikati.

"Si una ndugu yako hapa?" alisema Bibi Biubwa. "Akubebe."

"Sibebwi, bibi."

Pazi akatazama pembeni. "Tumeiona nyumba, dada. Si haba."

Mwanne alikuwa akitazama mwanga uliotoka juu.

Hapo akaingia Saburi, mchota maji wa nyumba ile, Mnyamwezi ambaye babu yake alifika pwani na misafara ya pembe za ndovu. Akatua madebe yake.

"Mgeni wa wapi huyu?"

"Mzaramo wa Kisarawe," alisema Pazi.

"Mzaramo! Kaingia mjini kwetu amekaa kitako kama liwali, hata hodi hajapiga kwa Wanyamwezi?" Akashika mkono wa kiti. "Kiti hiki nimekikamata!"

Pazi akacheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Hutukanana na kunyang'anyana hata msibani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu.

"Mji wenu tangu lini?" Mwanne akamrukia. "Babu yako alifika hapa ulimi nje, bibi yangu akampa maji. Kazi yenu ni kubeba tu."

"Tulibeba pembe, zina thamani. Wewe gunia la muhogo, nani atakununua?"

Bibi Biubwa akashika ukuta kwa kicheko. Mwanne naye alicheka, na huku akicheka akayachunguza macho ya Saburi, akiitafuta ile huruma aliyoizoea. Hakuiona. Aliona ukorofi mtupu.

"Basi lipa faini ya kukamata kiti changu," akasema. "Nipandishe juu, gunia na kiti chake."

"Dada," Pazi akashangaa, "si umesema hubebwi?"

"Nimesema sibebwi na watu. Huyu ni mtani."

Saburi akashika nyuma, Pazi mbele.

"Mnakula nini huko Kisarawe?" Saburi aliguna kwenye kona.

"Wanyamwezi," akajibu Mwanne.

Wakatokea juani. Paa lilikuwa jeupe, limefubaa kidogo, pana kuliko alivyodhani. Mwanne akasukuma magurudumu mwenyewe, ukingo hadi ukingo, na hayakukwama hata mara moja. Akainama, akaweka kiganja juu ya chokaa iliyopata joto, akakaa hivyo kitambo.

Bibi Biubwa akafika akihema. "Paa zuri hili alilolipiga mama yako. Ila kila masika linavuja kona ile."

Saburi akaitazama kona, kisha akamtazama Mwanne. "Ndipo alipopiga mama yako."

Mwanne akacheka mpaka machozi. "Pale alipewa Mnyamwezi amsaidie, akasinzia!" Kisha akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Bibi, chokaa ipo?"

"Ipo, na vibao vipo."

"Basi naomba kimoja."

Saburi akatumwa kuleta chokaa, akateremka akilalamika ngazi nzima kwamba Wazaramo sasa wamegeuka mabwana. Mwanne alikuwa amekwisha kukisogeza kiti chake hadi konani, amekunja mikono ya gauni, anamsubiri.